Kichwa cha Barua

Mtu akipokea barua ya ndugu yake huitambua upesi. Huujua mkono ulioiandika, hujua na namna ndugu huyo anavyosalimu, na hata akisahau kutia jina lake mwisho, hapana shaka juu ya mwenye barua. Barua ya ofisi si hivyo. Imepigwa kwa mashine, na bwana aliyeitia sahihi huenda hajaonana na anayeandikiwa hata siku moja. Basi mpokeaji hutazama juu ya karatasi. Hapo huona maneno yaliyochapwa kabla ya barua yenyewe kuandikwa: jina la shirika au ofisi, alama yake, na mahali ilipo. Maneno hayo pamoja na alama hiyo ndiyo huitwa kichwa cha barua.

Kwa sababu hiyo karatasi ya namna hii haiwi tupu hata siku ile inapotoka kwa mpiga chapa. Imekwisha kusema jambo moja, nalo ni kubwa: kwamba anayesema hapa ni shule fulani, au hospitali fulani, au serikali. Yatakayoandikwa chini yake, yawe ya kweli au ya uongo, yatasikiwa kwa sauti ya huyo aliyetajwa juu.

Barua ya wizara ya Tanzania yafaa kwa mfano. Juu kabisa huandikwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na chini yake jina la wizara. Pana na nembo ya taifa: ngao katikati, mwanamume na mwanamke wenye pembe za ndovu huku na huku, mlima Kilimanjaro chini ya miguu yao, na maneno Uhuru na Umoja. Kisha huja herufi S.L.P. na namba. Maana yake ni Sanduku la Posta. Katika nchi nyingi za Ulaya mchukuzi wa barua hupita nyumba kwa nyumba akizigawa. Katika Afrika Mashariki, tangu zamani, barua hungoja posta ndani ya sanduku dogo, na mwenye ufunguo huenda kuichukua. Kwa hiyo namba ya sanduku ndiyo mlango wa ofisi kwa mtu aliye mbali. Anayekosea tarakimu moja hupeleka barua yake kwa mwingine.

Katika barua za zamani palikuwa na mstari mwingine ulioandikwa Anwani ya Simu, na baada yake neno moja tu. Vijana wa leo wakiuona hudhani ni namba ya simu iliyosahauliwa kuandikwa. Sivyo. Simu hiyo ni ya maandishi, iliyopita katika waya, na mpelekaji alilipa kwa hesabu ya maneno. Kutaja jina lote la kampuni na mtaa wake kulikuwa ni kutupa fedha, basi ofisi kubwa ziliandikisha neno moja fupi posta, na neno hilo lilitosha kuifikisha simu mlangoni kwao.

Mstari unaodharauliwa na wengi ndio wenye kazi kubwa kuliko yote. Huanza kwa Kumb. Na., yaani kumbukumbu namba, na aghalabu hufuatana na ombi kwamba anayejibu aitaje namba hiyo. Ofisi hupokea barua nyingi kila siku, nazo hazikai mezani. Hupelekwa masijala, mahali pa kutunzia majalada, na karani wa huko huziweka kila moja pamoja na za shauri lake. Ikiwa barua ina kumbukumbu E.10/4/27, huenda E ikawa ni elimu, 10 ni mambo ya majengo ya shule, 4 ni jalada la shule hiyo, na 27 ni karatasi ya ishirini na saba ndani ya jalada. Kila ofisi ina utaratibu wake, lakini njia ni hiyo. Mzazi akijibu bila kuitaja namba, karani atalazimika kuuliza huku na huku, na shauri la mtoto wake litalala. Akiitaja, jalada hufunguliwa mara moja, na bwana mkubwa huona yote yaliyotangulia. Ni ajabu kwamba watu hunung'unika juu ya uvivu wa ofisi, nao wameiacha namba ile bila kuitazama.

Hapo kale hapakuwa na vichwa vya kuchapwa, lakini haja ilikuwa ile ile. Wafalme walitia muhuri. Papa wa Roma alifunga hati zake kwa kipande cha risasi chenye sura za Petro na Paulo upande mmoja, na upande wa pili jina lake mwenyewe. Masultani wa dola ya Uthmani katika Uturuki waliandikiwa tughra juu ya amri zao, yaani jina la sultani na la baba yake lililofumwa kwa mistari mirefu ya wino mfano wa pambo. Nayo haikuandikwa na kila karani, bali na afisa aliyewekwa kwa kazi hiyo. Tughra ilikaa juu ya maandiko, mahali pale pale ambapo kichwa cha barua hukaa leo.

Katika pwani ya Waswahili barua ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadhi ya zile kongwe zilizohifadhiwa ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, nazo zimo katika nyumba ya kumbukumbu huko Goa, Bara Hindi. Kwa desturi ya pwani, kichwa cha barua kilikuwa ni maneno ya adabu. Mwandishi alianza na ila janabi, akamtaja anayeandikiwa kwa sifa na heshima zake, akamwombea afya, akamsalimu yeye na wa nyumbani kwake, ndipo akasema wa baada na kuingia katika haja yake. Mtu mzoefu alipoisikia salamu ikisomwa alijua kama imetoka kwa mtu mkubwa au mdogo, rafiki au mgeni. Tena mara nyingi barua ilipelekwa kwa mkono wa mtu anayejulikana, na uso wa mpelekaji ulikuwa ni ushahidi.

Lakini muhuri huweza kushikwa na asiye mwenyewe. Katika Biblia pana habari ya Nabothi, aliyekuwa na shamba la mizabibu Yezreeli karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitamani, Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Ahabu akalala kitandani, amegeuza uso wake, asile chakula. Mkewe Yezebeli akaandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji ule, akiwaagiza waweke mashahidi wa uongo. Wazee walipoona muhuri hawakuuliza. Nabothi akapigwa mawe akafa, na shamba likatwaliwa. Haja ilikuwa ni ya nyumba moja, shamba la mboga tu; muhuri ulikuwa ni wa ufalme wote.

Ndivyo ilivyo hata kwa karatasi ya ofisi ndogo. Chukua mfano wa karani wa shule anayejenga nyumba kwao. Ana upungufu wa mabati 20, na mshahara haujatoka. Anafungua mtoto wa meza, anatwaa karatasi yenye kichwa cha shule, na kumwandikia mwenye duka mjini: tafadhali tuletee mabati 20, tutalipa mwisho wa mwezi. Anatia sahihi yake mwenyewe, wala haigi ya mwalimu mkuu. Moyoni hudhani hakuiba, kwani atalipa. Mwenye duka hamjui karani huyo, kama angekuja dukani kwa miguu yake kuomba mkopo, angeambiwa, "Bwana, samahani, lete fedha kwanza." Lakini anaijua shule, imelipa deni lake siku zote. Basi hupakia mabati.

Mwisho wa mwezi karani hana fedha, na mwezi wa pili vilevile. Mwenye duka humwandikia mwalimu mkuu, naye hushangaa, maana paa la shule halijaguswa. Hata kama deni litalipwa na karani, jambo limekwisha kuharibika. Siku shule itakapohitaji madaftari kwa haraka, mwenye duka atasema kwamba ataka fedha mkononi. Wataokosa madaftari ni watoto ambao hawakuyaona mabati yale kabisa. Hapa yafaa kuangalia vizuri: alichokichukua karani hakikuwa karatasi, ambayo thamani yake ni senti chache. Alichukua imani ya mwenye duka kwa shule.

Serikali nyingi zimeweka sheria kwa ajili ya jambo hili. Zamani za ukoloni bahasha za serikali katika Kenya na Tanganyika zilichapwa herufi O.H.M.S., maana yake ni kwamba barua hiyo imo katika utumishi wa Mfalme, si wa karani. Marekani mwaka 1877 ilitunga sheria ya kuruhusu barua za idara za serikali zipite posta bila stempu, lakini juu ya bahasha likachapwa onyo: anayeitumia kwa mambo yake mwenyewe atatozwa dola 300. Katika siku zile dola 300 zilikuwa mali nyingi. Katika Bunge la Uingereza alama ni lango la chuma la ngome, na taji juu yake. Barua za wabunge wa Commons huipata kwa rangi ya kijani, na za Lords kwa nyekundu. Mbunge hupewa karatasi hizo pamoja na bahasha zilizokwisha kulipiwa, ajibu watu wa jimbo lake. Hana ruhusa kuzitumia kwa biashara yake, wala kukusanyia michango ya chama, wala kuombea kura. Na Kenya ina sheria ya tangu mwaka 1963 juu ya bendera, nembo na majina ya taifa: hapana mtu awezaye kuweka nembo ya taifa juu ya karatasi za biashara yake bila idhini.

Si kila mara ubaya hukusudiwa. Mwaka 1950 Rais wa Marekani alikuwa Harry Truman, na binti yake Margaret alikuwa mwimbaji. Mwezi wa Desemba binti huyo aliimba mbele ya watu mjini Washington. Kesho yake Paul Hume, mwandishi wa mambo ya muziki katika gazeti la Washington Post, alisema waziwazi kwamba hakuimba vizuri. Truman aliposoma alikasirika sana. Akatwaa karatasi ya Ikulu, akamwandikia Hume kwa mkono wake mwenyewe barua ya ukali, akimwonya kwamba siku watakapokutana atahitaji pua mpya. Barua ikatangazwa magazetini. Wakati huo askari wa Marekani walikuwa wakifa katika vita vya Korea, na wazazi wengi wakaona vibaya kwamba Rais ana nafasi ya kugombana juu ya nyimbo. Wengine walimtetea, wakasema kila baba angefanya vivyo hivyo, naye aliandika kama baba. Huenda ni kweli. Lakini karatasi ilikuwa ya Ikulu, na kama angeandika juu ya karatasi tupu, ugomvi ungekuwa mdogo.

Isidhaniwe kwamba vichwa vya barua ni vya mashirika tu. Mtu mmoja naye aweza kujichapishia karatasi yenye jina lake na mahali anapokaa. Wakili hufanya hivyo, na daktari, na fundi wa saa, na mkulima wa kahawa anayeandikiana na wanunuzi wake. Askofu Mkatoliki huweka ngao yake chini ya kofia pana ya kijani yenye vishada sita kila upande. Askofu mkuu ana kumi. Hapana neno, maadamu kila mtu ajitaje alivyo. Aliyeacha kazi ya ofisi huziacha na karatasi zake; akiendelea kuandika chini ya cheo alichokuwa nacho, anawadanganya watu hata kama kila neno la barua yake ni kweli.

Biashara zina shauri jingine, maana jina la kampuni laweza kuwaficha watu walio nyuma yake. Uingereza ilipowaruhusu wenye kampuni mwaka 1855 wasidaiwe zaidi ya kiasi walichoahidi kutia, iliwaamuru waweke mwisho wa jina neno Limited, ambalo sasa hufupishwa Ltd, ili anayewakopesha ajue mapema kwamba hataweza kuwafuata nyumbani kwao. Wakati wa vita vikuu, mwaka 1916, sheria nyingine ikawataka wanaofanya biashara kwa jina lisilo lao wachape majina yao ya kweli katika barua zao. Ndiyo sababu ya maandishi yale madogo yanayoonekana katika barua za biashara, ambayo watu huyapita kama mapambo.

Hata hivyo sheria humshika aliye mwaminifu. Ayari hujichapishia kichwa chake. Yasimuliwa habari ya Victor Lustig, laghai aliyekuwa Paris mwaka 1925. Mnara wa Eiffel ulijengwa kwa maonyesho ya mwaka 1889, nao ni wa chuma, urefu wake mita 300 wakati ule. Wengi walikuwa hawakutazamia usimame daima, na gharama ya kuutunza ilikuwa ikisemwa magazetini. Lustig akatengeneza karatasi zenye kichwa cha wizara ya posta na simu, akawaandikia wanunuzi wa vyuma chakavu, akawaalika katika hoteli ya Crillon, mojawapo ya hoteli kubwa za mji. Huko akawaambia kwamba yeye ni mkubwa katika wizara, kwamba serikali yataka kuubomoa mnara na kuuza chuma chake, na kwamba jambo hili ni siri, kwani watu wa Paris watapiga kelele.

Mnunuzi mmoja akaanza kuona shaka. Basi Lustig akamdokezea kwamba anataka rushwa. Hapo shaka ikamtoka mnunuzi. Akaona kwamba huyu ni afisa wa kweli. Akatoa fedha. Lustig akapanda gari la moshi akatoroka Ufaransa, na aliyedanganywa aliona haya hata hakwenda polisi. Yasemwa kwamba Lustig alirudi na kujaribu kuuza mnara ule mara ya pili. Mwisho alikamatwa Marekani mwaka 1935 kwa fedha bandia, akafungwa katika gereza la kisiwa cha Alcatraz, akafa mwaka 1947 hali mfungwa. Katika habari hiyo yote hapana mahali panapotajwa mnunuzi aliyekwenda wizarani kuuliza kama barua ile ilitoka huko.

Siku hizi kompyuta huweza kuigiza kichwa chochote kwa muda wa dakika chache, na nembo yake na rangi zake. Kwa hiyo wenye busara hawaamini kwa kutazama sehemu ya juu tu. Huangalia kama barua ina tarehe na kumbukumbu, kama aliyetia sahihi ameandika jina na cheo chake, kama muhuri unasomeka na umetaja ofisi ile ile. Barua ikidai fedha, au kuahidi kazi au nafasi ya shule kwa malipo, huuliza ofisini kwenyewe. Wala hawapigi simu kwa namba iliyo katika barua hiyo, kwa maana aliyeghushi kichwa ameghushi na namba, naye ndiye atakayeitika. Hutafuta namba mahali pengine, au hupanda basi wakaenda.

Na ofisi zenye utaratibu huzitunza karatasi zao. Haziachwi mezani karibu na dirisha, wala hawapewi watoto wachoree. Hufungiwa kabatini, ufunguo ukawa na mtu mmoja, na anayetaka karatasi hueleza ni kwa barua gani. Nakala ya kila barua inayotoka hubaki katika jalada, hata mwenye duka akija na karatasi ya mabati 20, mwalimu mkuu aweze kufungua jalada na kumwonyesha kwamba namba hiyo haimo. Karatasi iliyoharibika kwa kosa la kuandika haitupwi nzima katika kapu la taka. Hukatwa kwanza pale juu, kichwa kikachanwa vipande vidogo, na sehemu ya chini iliyobaki tupu wakapewa wanafunzi wafanyie hesabu.